Songea Haikuzaa Shujaa Mmoja

Kila tarehe 27 Februari watu hukusanyika Mahenge, mjini Songea, kwenye kaburi la halaiki la viongozi wa Kingoni walionyongwa na Wajerumani mwaka 1906, wakati wa Vita vya Majimaji. Pembeni, peke yake, yupo nduna (kiongozi wa Kingoni) Songea Mbano, aliyeuachia mji jina. Wazee wa ukoo wake wanasema aliyelala pale ni kiwiliwili tu; kichwa kilipelekwa Ujerumani. Tarehe 1 Novemba 2023 Rais wa Ujerumani, Frank-Walter Steinmeier, alifika Mahenge, akakutana na wajukuu wa Mbano na kuomba msamaha.

Mbano anastahili heshima hiyo yote. Lakini katika orodha ya walionyongwa yumo pia mwanamke mmoja, Nkomanile wa Kitanda, sehemu ambayo leo iko wilaya ya Namtumbo. Kwake ndiko dawa ya maji, iliyoaminika kuzuia risasi, ilikopokelewa ilipoingia Ungoni mwaka 1905, ikiletwa na Omari Kinjala. Vita havikuanza na nduna wa kiume peke yao, na ni haki watoto wa shule wamjue Nkomanile kama wanavyomjua Mbano.

Miaka ishirini baada ya kunyongwa kwao, mwaka 1926, katika wilaya ya Songea ya wakati huo alizaliwa Rashidi Mfaume Kawawa. Kabla ya siasa alikuwa mwigizaji. Wazee waliomwona katika filamu ya Muhogo Mchungu walimjua kwa sura kabla hawajamjua kwa cheo. Mwaka 1955 akawa katibu mkuu wa kwanza wa shirikisho la vyama vya wafanyakazi, TFL. Nyerere alipong'atuka uwaziri mkuu Januari 1962 ili akakijenge chama cha TANU, aliyeachiwa kiti ni Kawawa. Akakishika tena kuanzia mwaka 1972 hadi 1977. Watu walimwita Simba wa Vita.

Wa nne hana sanamu wala mtaa unaotajwa sana. Ntimbanjayo Millinga, kijana wa TANU, aliongoza wenzake waliokwenda kufyeka pori la Litowa, nje ya mji, mwanzoni mwa miaka ya 1960. Shamba lilikuwa la wote, uamuzi ulitoka kwenye mkutano wa wanakijiji, na shule yao, chini ya mwalimu Suleiman Toroka, iliwafundisha watoto kusoma na kulima bila kudharau kimojawapo. Nyerere mwenyewe aliipenda Litowa. Chama chao, Ruvuma Development Association, kilifika vijiji 17 na kuwa na mashine ya kusaga nafaka mjini. Septemba 1969 Kamati Kuu ya TANU ikakipiga marufuku, na mali zake zikachukuliwa. Ujamaa wa hiari ulizimwa na chama kilichouhubiri, na hilo lilikuwa kosa kubwa.

Leo Songea ni mji wa vyuo pia.   Wanafunzi wafike kaburini Mahenge, wamuulize mwongoza wageni habari za Nkomanile. Kisha wapande gari hadi Litowa, wakawasikilize wazee waliobaki wakati bado wapo.