Riwaya na vijana: Ni nini humfanya msomaji mchanga asikiweke kitabu chini?

Mwaka 1971 ilichapishwa riwaya fupi ya Kiswahili iitwayo Rosa Mistika. Mwandishi wake, Euphrase Kezilahabi, mzaliwa wa kisiwa cha Ukerewe katika Ziwa Viktoria, alikuwa hajatimiza umri wa miaka 30. Kitabu hicho kilipigwa marufuku katika shule za Tanzania kwa sababu kilisema waziwazi mambo ya mapenzi ambayo wakubwa waliona hayafai kusomwa na wanafunzi. Hata hivyo, marufuku hayo hayakukizima. Baadaye kiliruhusiwa, na hatimaye kikaingia katika orodha ya vitabu vya fasihi vinavyosomwa katika shule za sekondari nchini humo.

Kisa hicho kinazua swali linalowahusu wazazi, walimu na wachapishaji: kijana hutafuta nini hasa katika riwaya?

Kwa jamii za wazungumzaji wa Kiswahili walio wachache katika nchi zao, kama vile wakazi wa Biryogo na Nyamirambo jijini Kigali au wa Buyenzi mjini Bujumbura, swali hilo lina uzito wa ziada. Rwanda ilikifanya Kiswahili kuwa mojawapo ya lugha zake rasmi mwaka 2017, lakini sheria peke yake haimpi mtu hamu ya kusoma. Kijana asiyepata katika Kiswahili kitabu anachokitamani atakisoma kwa Kiingereza au Kifaransa, na lugha ya nyumbani kwao itabaki kuwa lugha ya sokoni na ya salamu.

Swali lisilo na mjibu

Riwaya nyingi zilizopendwa na vijana huanza na jambo moja: mhusika mwenye umri mdogo ana swali zito, na watu wazima wanaomzunguka hawawezi au hawataki kumjibu.

Mfano unaofahamika sana katika Afrika Mashariki ni Siku Njema ya Ken Walibora, iliyotolewa mwaka 1996 na kusomwa na wanafunzi wengi wa sekondari nchini Kenya kama kitabu teule. Mhusika mkuu, Kongowea Mswahili, ni mtoto wa mwimbaji wa taarabu wa Tanga aliyezaliwa nje ya ndoa. Mama yake anafariki dunia, naye analelewa na jamaa katika mazingira ya mateso. Swali lake ni fupi: baba yangu ni nani, na yuko wapi? Ili kulijibu, anavuka mpaka na kuingia Kenya.

Mtoto mdogo akisoma hadithi hiyo ataona safari tu, lakini kijana ataona zaidi ya hapo. Umri wa miaka 13 hadi 19 ndio umri ambao mtu huanza kujiuliza yeye ni nani mbali na jina alilopewa, ukoo aliozaliwa na dini aliyolelewa. Si lazima msomaji awe amempoteza baba ndipo aguswe na safari ya Kongowea. Inatosha awe amewahi kujihisi mgeni ndani ya nyumba yao wenyewe. Na kwa kijana ambaye ndugu zake wametawanyika pande mbili za mpaka, kisa cha mtu anayeanzia Tanga na kumtafuta mzazi wake Kenya ni jambo analoliona karibu kila mwaka.

Mkubwa naye hukosea

Jambo la pili ndilo linaloitenganisha riwaya ya vijana na hadithi ya watoto. Katika hadithi nyingi za watoto, mkubwa anajua, na mdogo asiyetii hupata adhabu. Kijana amekwisha kugundua kwamba mambo hayako hivyo siku zote. Anamwona baba akivunja ahadi, mwalimu akipendelea, kiongozi akisema hili na kutenda lile. Anatafuta kitabu kitakachokiri kile ambacho macho yake yameshuhudia.

Hapa ndipo penye nguvu ya Rosa Mistika. Zakaria, baba yake Rosa, ni mlevi mwenye mkono mwepesi wa kupiga. Binti anapopokea barua kutoka kwa mvulana wa kijijini, baba anampiga vibaya. Rosa anakua akiwaogopa wavulana badala ya kufundishwa namna ya kuishi nao, na anapopata uhuru mbali na nyumbani hana silaha ya kujilindia. Mwandishi hamsafishi Rosa, wala hambebeshi lawama yote peke yake. Anamwachia msomaji kazi ngumu ya kupima: kosa ni la nani?

Adam Shafi naye aligusa mshipa huohuo katika Vuta n'kuvute, riwaya iliyotoka mwaka 1999 na ambayo filamu yake ilitengenezwa na Amil Shivji mwaka 2021. Yasmini, msichana wa Kihindi wa Zanzibar ya wakati wa ukoloni, anaozwa kwa mwanamume wa rika la baba yake, kisha anaitoroka ndoa hiyo na kutafuta maisha yake mwenyewe. Swali la kama alikosea linawagawa wasomaji mpaka leo, na mgawanyiko huo ni sehemu ya utamu wa kitabu. Vijana hupenda riwaya inayowapa jambo la kubishania wakiwa njiani kurudi nyumbani.

Sauti iliyo karibu na sikio

Sababu ya tatu ni namna hadithi inavyosimuliwa. Siku Njema imesimuliwa na Kongowea mwenyewe. Msomaji hahisi kwamba anaelezwa habari za kijana fulani. Ni kana kwamba rafiki ameketi kando yake na kumwambia siri. Aibu, hasira na matumaini ya mhusika humfikia bila kupitia kinywa cha mzee anayesimama katikati na kutafsiri.

Jambo hili limeonekana hata mbali na Afrika. Nchini Marekani, S. E. Hinton alianza kuandika The Outsiders akiwa bado mwanafunzi wa sekondari, kwa kuwa hakuona vitabu vilivyoeleza maisha ya vijana kama alivyoyaona mwenyewe. Kitabu kilichapishwa mwaka 1967, naye akiwa na umri wa miaka 18. Msimulizi wake ni mvulana wa miaka 14 anayeishi na kaka zake baada ya kufiwa na wazazi. Wachambuzi wengi hukitaja kitabu hicho kuwa miongoni mwa vilivyofungua njia kwa riwaya za vijana kuuzwa kama aina inayojitegemea.

Sauti ya karibu haipatikani kwa kurundika misimu ya mitaani. Misimu huchakaa upesi, na kijana ni hodari wa kumtambua mtu mzima anayejifanya rika lake. Kinachomshawishi ni ukweli wa hisia: mhusika anaogopa kwa kiasi anachoogopa mtu wa umri ule, na anatamani vile vitu ambavyo mtu wa umri ule hutamani.

Taharuki: kamba inayovuta

Umri wa mhusika, hata hivyo, si sharti. Vijana wa vizazi kadhaa walizisoma kwa pupa riwaya ambazo mashujaa wake ni watu wazima kabisa. Muhammed Said Abdulla wa Zanzibar alimleta mpelelezi Bwana Msa katika Mzimu wa Watu wa Kale, iliyochapishwa mwaka 1960. Aristablus Elvis Musiba akamleta Willy Gamba, jasusi wa Tanzania, katika Kufa na Kupona ya mwaka 1974 na vitabu vingine vilivyofuata.

Mvuto wa vitabu hivyo una ufundi wake. Swali hutolewa katika kurasa za mwanzo: nani ameua, nani amesaliti, nini kitalipuka? Jibu hucheleweshwa. Kila sura humaliza fumbo moja na kufungua jingine, hivyo msomaji anayejiambia kwamba atalala baada ya sura hii hujikuta ameanza inayofuata. Sura zenyewe ni fupi, na maneno hayapotezwi katika maelezo yasiyosukuma kisa mbele.

Lipo pia jambo lisilotajwa mara nyingi. Bwana Msa na Willy Gamba ni watu wanaotumia akili zao na kuamua wenyewe. Kijana, ambaye saa yake ya kuamka, nguo za shule na hata marafiki huamuliwa na wengine, hupata ndani ya kurasa hizo nafasi ya kuishi kwa saa chache kama mtu mwenye madaraka juu ya nafsi yake.

Je, lugha sharti iwe nyepesi?

Wengi hudhani kwamba kijana wa leo anahitaji Kiswahili kilichorahisishwa. Siku Njema inakanusha dhana hiyo. Lugha yake imesheheni methali, tamathali na msamiati uliomlazimu mwanafunzi kufungua kamusi. Hata jina la kitabu limemegwa kutoka katika methali, na jina la mhusika mkuu ni jina la kale la Mombasa. Pamoja na hayo kitabu kilipendwa, na wako waliojaribu kuiga mtindo wake katika insha zao.

Maelezo ni kwamba msomaji huvumilia neno gumu pale anapotaka kujua kitakachofuata. Neno lilelile likiwekwa katika kifungu kisicho na kisa huwa mzigo. Kwa mwanafunzi wa Rwanda au Burundi ambaye Kiswahili chake amekipata nusu nyumbani na nusu darasani, hili ni jambo la kutia moyo. Kisa kikiwa na nguvu, kitamvusha mahali ambapo msamiati wake haujafika, na atatoka ng'ambo ya pili akiwa na maneno ambayo hakuwa nayo.

Mahubiri na hofu ya wakubwa

Kama yapo yanayovuta, yapo pia yanayofukuza. La kwanza ni mahubiri. Mwandishi anapomfanya mhusika mwema atajirike na mwovu apate ajali ili tu fundisho litimie, kijana huona mkono uliojificha nyuma ya pazia. Rosa Mistika inaishia kwa msiba mzito, na Siku Njema inaelekea kwenye matumaini. Mwisho wa aina moja si bora kuliko mwingine. Kinachotakiwa ni mwisho uliozaliwa na maamuzi ya wahusika wenyewe.

La pili ni hofu. Mnamo Februari 2023 Wizara ya Elimu ya Tanzania ilipiga marufuku shuleni vitabu 16, vikiwemo vya mfululizo maarufu wa Diary of a Wimpy Kid, kwa maelezo kwamba vinakwenda kinyume na mila, desturi na maadili. Wajibu wa wazazi na serikali wa kuwalinda watoto haupingiki, na si kila kitabu kinafaa kila umri. Lakini historia ya Rosa Mistika inaonyesha kwamba kitabu kilichoonekana kuwa hatari kwa kizazi kimoja kinaweza kuwa somo kwa kizazi kinachofuata, na kwamba kijana aliyekatazwa kuuliza swali mbele ya mkubwa hulipeleka kwingine.

Kumchagulia kijana kitabu

Kutokana na hayo, mzazi au mwalimu anayetafuta riwaya kwa ajili ya kijana anaweza kujiuliza maswali machache. Je, katika kurasa za mwanzo kuna mtu anayetaka kitu kwa moyo wake wote? Je, kuna kizuizi cha kweli? Je, wakubwa waliomo ni watu wenye uzuri na upungufu, au ni sanamu za kutoa nasaha? Je, mwandishi anamwachia msomaji nafasi ya kuamua?

Baada ya kuchagua, yapo mengine mawili. Kijana aruhusiwe kukiacha kitabu kisichomvutia na kuchukua kingine, kwa maana anayelazimishwa kumaliza hujifunza kwamba kusoma ni adhabu. Na mkubwa aliyemkabidhi kitabu akisome naye, si kwa kumtahini, bali ili pawe na mtu wa kuzungumza naye siku atakapofika mahali panapouma. Kama Rosa angekuwa na mkubwa wa namna hiyo nyumbani kwao, riwaya yake ingekuwa na mwisho mwingine.