Mponyaji Aliyeishiwa na Mana

Mpwa wangu alinipigia simu Jumatano, saa tano na ushei usiku. Hapa Leicester simu ikilia saa hizo mtu huanza kuwahesabu wazee waliobaki Tanga.

"Shikamoo Mjomba. Wamenitoa."

"Marahaba. Wamekutoa kazini?"

"Chamani."

Nikashusha pumzi, nikarudi kukaa. Chama chenyewe ni kikundi cha wachezaji wa World of Warcraft, kile wanachokiita gildi, jina lile lile la vyama vya mafundi wa Ulaya ya zamani. Mpwa wangu anacheza kwenye seva za maadhimisho ya miaka 20, zilizofunguliwa Novemba 2024 ili watu wauanze upya mchezo ule karibu kama ulivyokuwa ulipotoka. Yeye ni kasisi, na kazi ya kasisi vitani ni kuponya. (Ndiyo, mtoto wa Kiislamu wa Tanga. Babu yake hajaambiwa.) Usiku ule waliingia Molten Core watu 40. Walipomfikia bosi wa tano mana ilimwishia, yaani ile akiba ya nguvu inayolipia kila dawa. Tanki, yule mtu wa mbele anayepigwa kwa niaba ya wote, akaanguka, na wengine 39 wakamfuata.

"Lakini Mjomba, mimi ndiye niliyeponya kuliko wote! Tazama namba."

Nikazitazama. Kuna tovuti zinazohifadhi kumbukumbu za kila pambano, kila dawa na sekunde iliyotolewa. Ni kweli alitoa dawa nyingi kuliko mtu mwingine yeyote. Ila zaidi ya nusu ziliwaangukia watu ambao hawakuwa na jeraha, au waliokuwa wameshaponywa na mwenzake nukta moja kabla. Alikuwa akimimina maji kwenye mtungi uliojaa.

Nilimwahidi kwamba nitamwandikia asili ya mambo haya. Naandika hapa kwa sababu najua wazazi wengi wa ughaibuni wanawasikia watoto wao wakigombana usiku wa manane na watu wasiowaona, wasijue ugomvi ni wa nini.

Tuanzie nyuma kidogo. Machi 1999 ulitoka mchezo uitwao EverQuest, na mengi tunayoyaona leo yalizaliwa humo. Makasisi wake walikuwa na dawa moja, Complete Heal, iliyoweza kumrudishia mtu karibu uhai wake wote kwa mkupuo. Shida ni kwamba kuisoma kulichukua sekunde 10, na mbele ya joka sekunde 10 zinatosha kumuua tanki mara mbili. Wachezaji wakabuni njia. Makasisi watano wanapewa namba. Wa kwanza anaanza kusoma, baada ya sekunde 2 anaanza wa pili, kisha wa tatu, na wa tano anapoanza zimebaki sekunde 2 tu dawa ya wa kwanza itue. Kuanzia hapo inatua dawa moja kila sekunde 2, na kila mmoja anaandika kwa wenzake kwamba zamu yake imeanza.

Aliyewahi kuona wanawake watatu wakitwanga kinu kimoja ameshaelewa. Hakuna anayengoja kuona mchele umefikia wapi, kila mmoja anashusha mchi wake kwa zamu, na anayechelewa anagonganisha michi. Kasisi wa EverQuest hakuwa na haja hata ya kutazama kama tanki ameumia. Alitazama saa. Na kabla ya kufika huko, akiwa bado mwanagenzi, alilazimika kukaa kitako na kufungua kitabu chake ili mana irudi haraka, nacho kitabu kiliziba kioo chote. Wenzake wanapigana, yeye anatazama kurasa. Nikiwasikia watu wakisema kuponya ni kazi ya wasiopenda shari, nawakumbuka watu hao walioshinda vita ambavyo hawakuviona.

World of Warcraft ilitoka Marekani tarehe 23 Novemba 2004, Ulaya ikasubiri hadi Februari 2005. Ilirahisisha mengi, ila iliweka sheria moja, na hiyo ndiyo iliyomtoa mpwa wangu chamani. Ukitumia mana kwa dawa yoyote, mana inayorudi kwa nguvu ya roho yako husimama kwa sekunde 5. Ukitoa dawa nyingine ndani ya sekunde hizo, hesabu inaanza upya. Kwa hiyo mponyaji mwenye pupa, anayerusha kidawa hapa na kidawa pale kila baada ya sekunde 3, anajifungia bomba kwa mkono wake. Mwenzake anayenyamaza sekunde 8, akatoa dawa moja mahali pake, akanyamaza tena, anamaliza pambano akiwa na akiba.

Halafu kuna dozi. Kila dawa ina dozi za chini na za juu, na kijana akifika ngazi ya 60 huona fahari kutumia dozi ya juu kabisa. Wakongwe hawafanyi hivyo. Mavazi yao huongeza nguvu ya kila dozi, ya juu na ya chini, lakini dozi ya chini hugharimu mana kidogo. Mkongwe anajua dozi tatu au nne kwa moyo, na anachagua kwa ukubwa wa jeraha. Kampuni ilikuja kuuziba mwanya huo katika matoleo ya baadaye, ila kwenye seva za kale bado upo wazi.

Ujanja ninaoupenda mimi ni wa tatu. Dawa kubwa ya kasisi huchukua sekunde 3 kuisoma, au mbili na nusu kwa aliyejifunza zaidi, na mana hukatwa mwishoni, dawa inapotua, si mwanzoni. Basi unaianza kabla ya tanki kuumia. Rungu la bosi likishuka, dawa iko nyuma yake kama kivuli. Rungu lisiposhuka, unasogea hatua moja, dawa inakatika, na mana yako haikuguswa. Unaanza tena. Ukimtazama mponyaji mzuri bila kujua hili utadhani ana kigugumizi: anaanza, anaacha, anaanza, anaacha.

Bingwa wa jambo hili niliyewahi kucheza naye ni binamu yangu wa Dar es Salaam, na sababu yake si kipaji. Kabla ya waya wa SEACOM kufika pwani yetu Julai 2009, intaneti nyingi ya nyumbani ilipitia satelaiti, na mawimbi kwenda angani kilomita 36,000, kushuka, kisha kurudi kwa njia hiyo hiyo, huchukua karibu nusu sekunde. Seva zenyewe ziko Ulaya. Tanki akiumia, binamu aliona habari iliyokwisha kuchacha. Hakuwa na njia ila kuotea: bosi huyu hupiga kwa mpangilio gani, pigo zito linakuja lini. Waya ulipofika na ucheleweshaji ukapungua, akabaki na mazoea yale ya kuanza kabla. (Ada ya kila mwezi nililipa mimi kwa kadi yangu, maana yeye kadi ya kulipia mtandaoni hakuwa nayo. Deni lipo, nalikumbuka.)

Kuna na suala la hasira ya maadui. Kila pointi 2 za uhai unazorudisha hukuongezea pointi 1 ya hasira, inayogawanywa kwa maadui wote waliopo. Ukiponya mapema mno, kabla tanki hajawachokoza vya kutosha, wanamwacha yeye na kukujia wewe mwenye joho la kitambaa. Hapo hata mwenye moyo mwema hujifunza subira.

Na moyo mwema peke yake unaweza kuharibu. Tarehe 13 Septemba 2005 lilifunguliwa mchezoni hekalu la Zul'Gurub, na bosi wake Hakkar alikuwa na ugonjwa wa damu uliopaswa kubaki humo ndani. Wanyama wa wachezaji wakautoa nje, ukaingia miji ya Ironforge na Orgrimmar, ukalaza maiti barabarani. Waponyaji walikimbilia mijini kusaidia. Wengine waliambukizwa na kuupeleka mbele, na wagonjwa waliowaponya waliishi muda wa kutosha kuwaambukiza wengine. Mwaka 2007 Eric Lofgren na Nina Fefferman waliuandika mkasa huo katika jarida la Lancet Infectious Diseases kama somo kwa wanaochunguza milipuko ya maradhi. Nilikuja kuusoma wakati wa Covid, nimefungiwa ndani, na sikucheka.

Sasa chama, maana mpwa wangu alidhani ametolewa kwa uonevu.

Mwanzoni kusajili chama kulitaka hati ya fedha kidogo, sarafu 10 za fedha za mchezoni, na saini za wachezaji 9 wengine. Ukizipata unakuwa mwenyekiti. Hazina hakuna. Hadi Novemba 2007 mchezo haukuwa na benki ya chama, kwa hiyo mali yote ya watu 40, dhahabu, dawa za chupa, vitambaa adimu, ilikaa mfukoni mwa mtu mmoja aliyeaminiwa. Sisi tuliokulia kwenye upatu hatuhitaji kuelezwa. Kijumbe akiwa mwaminifu mambo yanakwenda, akitoroka hakuna mahakama ya kumfikisha, na vijumbe waliotoroka hawakuwa wachache. Neno lenyewe "mchezo" linanichekesha: mama yangu akisema anacheza mchezo, ana maana ya upatu.

Kugawana ngawira ndiko kulikovunja vyama vingi kuliko joka lolote. Bosi anaangusha vitu viwili vitatu, watu ni 40. Chama kimoja cha EverQuest, Afterlife, mwaka 1999 kilibuni daftari la pointi kwa ajili ya majoka mawili, Lady Vox na Lord Nagafen. Ukihudhuria unaandikiwa pointi, ukichukua kitu unakatwa. Mfumo huo, DKP, umeenea dunia nzima ya michezo hii. Una dosari zake. Wakongwe hulimbikiza pointi hadi mgeni anakata tamaa, na wachezaji wa aina moja hukubaliana kimya kimya wasipandishiane bei. Vyama vingine vikaweka kamati ya wazee inayoamua nani apate nini. Kamati ikiwa nzuri chama hupaa, kwa sababu inaweza kuona kile ambacho daftari halikioni: deraya moja nzuri kwa tanki ni mana kwa waponyaji kumi. Asiyepigwa sana haponywi sana. Mshambuliaji anayelilia upanga mpya haoni hesabu hiyo, naye ndiye mwenye sauti kubwa kuliko wote.

Mimi niliingia mchezoni Desemba 2010, toleo la Cataclysm lilipotoka, na ninalo dukuduku langu na toleo hilo. Uponyaji wake niliupenda. Wabunifu walitaka mana iwe na uchungu tena na mponyaji achague nani asubiri. Wachezaji wakalalamika kwamba mapango ni magumu, na Januari 2011 Greg Street, aliyeongoza wabunifu wa mifumo, akaandika maelezo marefu ya kuutetea ugumu huo. Nilikuwa upande wake. Lakini toleo lile lile likavipa vyama ngazi, kuanzia 1 hadi 25, na kila ngazi na zawadi yake. Mojawapo iliongeza fedha katika hazina ya chama kila mwanachama alipookota sarafu.

Matokeo yake nikajikuta kwenye chama cha mamia ya watu nisiowajua. Nilialikwa na mtu ambaye hakuniamkia, programu yake ndogo ilikuwa ikiwaalika wapita njia wote. Tulipanda ngazi haraka kama moto wa makuti. Tulifika 25 tukiwa na hazina nono, na Jumapili ilipofika tukashindwa kuwapata waponyaji watatu wa kuingia vitani pamoja. Vyama vidogo vya marafiki, vilivyopanda polepole, vilikuwa vikipoteza watu waliofuata zawadi kwetu. Mwaka 2014 kampuni iliziondoa ngazi hizo. Sikumsikia mtu akizililia.

Nilimwambia mpwa wangu haya kwa simu, si kwa mpangilio huu, na alinikatiza mara nyingi. Kilichomuuma ni kwamba washambuliaji waliosimama kwenye moto hawakutolewa, akatolewa yeye. Hapo ana haki. Mshambuliaji mvivu hujificha ndani ya jumla ya watu 40. Mponyaji akikosea, kosa lake lina jina, saa na maiti. Ndiyo maana kila chama kina tangazo la kutafuta waponyaji, na kiongozi mwenye akili huwagawia kazi mapema: wewe tanki wa kwanza, wewe tanki wa pili, wewe kundi la tatu na la nne. Chama chake hakikuwahi kumwambia amwangalie nani. Akawaangalia wote.

Wiki tatu baadaye alikuwa amepata chama kingine, kidogo, cha watu wa Sheffield na Malmö. Akaniomba niwe mtu wa tano katika Stratholme, mji ule uliojaa maiti zinazotembea. Nikaja na mchawi wangu wa barafu. Katikati ya barabara kundi la pili likatuvamia kabla la kwanza halijaisha. Nikapigwa. Uhai wangu ukawa nusu, ukawa robo.

"Niponye!" nikapiga kelele.

Kimya. Nilimwona kasisi wake amesimama nyuma ya tanki, anaanza dawa, anaacha, anaanza. Mimi nikalala chini. Tanki akapata dawa yake kwenye ncha ya pigo, maadui wakaisha, na mpwa wangu akabaki na mana ya kutosha kundi jingine zima.

"Pole Mjomba," akasema, akianza kunifufua. "Lakini si una bandeji?"

Nilikuwa nazo kumi na nne.