Trela Huuzwa kwa Sikio

Fungua trela ya filamu yoyote kubwa kwenye simu yako, zima sauti, kisha itazame mpaka mwisho. Magari yatapinduka, majumba yatalipuka, mtu atalia, na wewe utabaki umetulia tuli. Irudie sasa sauti ikiwa juu, lakini skrini uipe kisogo. Utajua hatari inaingia lini, utajua jina la filamu limetokea lini, na nywele huenda zikakusimama bila kuona chochote. Wanaohariri trela wanalijua hilo siku nyingi: muziki hutangulia, picha hufuata.

Huko Hollywood, mhariri wa filamu kwa kawaida si yeye anayekata trela yake. Kazi hiyo hupewa kampuni za nje, tena mara nyingi filamu yenyewe ikiwa haijakamilika. Na kwa kuwa muziki wa filamu hutungwa mwishoni, trela hulazimika kutafutiwa muziki wake. Ndiyo maana wimbo uliokutia wazimu kwenye trela huusikii ukishakaa ukumbini. Trela za Inception, filamu ya 2010, ndizo zilizoeneza ule mlio mzito wa honi ulioigwa na kila mtu baadaye. Watu wengi humpa sifa zote Hans Zimmer, mtunzi wa muziki wa filamu hiyo, ilhali "Mind Heist", muziki uliobeba trela yake maarufu kuliko zote, ni wa Zack Hemsey.

Mpangilio wenyewe umezoeleka. Mwanzo ni wa taratibu: noti moja ya piano, pumzi, sauti ya mtu akisema jambo la kawaida. Katikati ngoma zinaingia, na hapo mhariri anaacha kusimulia, anaanza kupiga ngoma kwa picha. Mlango wa gari ukifungwa, ni pigo. Bunduki ikikokiwa, ni pigo. Glasi ikianguka, ni pigo. Picha zinafupishwa mpaka nyingine hazidumu nusu sekunde. Kisha ghafla, kimya. Kimya hicho ndicho ninachokiona kuwa silaha kali kuliko zote, kwa sababu mtazamaji mwenyewe ndiye anayekijaza. Kishindo kikija baada yake, jina la filamu linatua kama nyundo.

Chukua trela ya Alien ya 1979. Hakuna mhusika anayezungumza. Tunaliona yai, linapasuka, mwanga unachomoza ndani yake, halafu unaingia mlio wa kurudiarudia, kitu kati ya king'ora na mnyama anayechinjwa. Juu ya mlio huo wanapita watu wanaokimbia katika korido za chombo cha angani. Wanakimbia nini? Hatuonyeshwi. Mwishoni kabisa ndipo yanakuja maandishi, sentensi moja tu, ikituarifu kwamba huko angani ukipiga yowe hakuna atakayekusikia. Sentensi hiyo inakusuta: dakika nzima umesikilizishwa makelele, ndipo unaambiwa hayasikiki.

Wapo wanaodhani siri ni kukata haraka. Stanley Kubrick alitoa trela ya The Shining, filamu ya 1980, yenye picha moja isiyokatwa hata mara moja. Kamera imetulia mbele ya milango ya lifti ya hoteli. Majina yanapanda taratibu kwenye skrini, lake, la Jack Nicholson, la Stephen King aliyeandika riwaya, huku muziki ukizidi kuuma masikio. Majina yakiisha, damu inabubujika kutoka kwenye lifti, inazoa viti, inafunika kioo cha kamera. Maandishi yale yalikuwa na kazi ya pili: yalitushughulisha macho ili tukae tukisubiri bila kujua tunasubiri nini.

Zamani kazi kubwa ya maneno ilifanywa na mtangazaji. Don LaFontaine, aliyefariki 2008, alisoma maelfu ya trela kwa lile koo lake zito. Siku hizi sauti ya namna hiyo imepungua, na maandishi makubwa yanayokatika vipande vipande yamechukua nafasi yake: maneno mawili, picha, maneno matatu, picha. Sentensi inaning'inizwa ili usiondoke kabla haijakamilika.

Kwetu Afrika Mashariki sauti haikufa. Lufufu aliwatafsiria Watanzania filamu za kigeni kwa Kiswahili chake, DJ Afro anafanya hivyo Kenya, na filamu ya Uganda Who Killed Captain Alex? ya Isaac Nabwana inakumbukwa kwa mbwembwe za VJ Emmie pengine kuliko kwa kisa chake. Hazina hiyo trela zetu hazijaigusa.

Isidhaniwe kwamba anayejua trela ndiye anayejua filamu. Mwaka 2016 trela ya filamu ya Suicide Squad iliyokatwa juu ya wimbo "Bohemian Rhapsody" wa bendi ya Queen ilipendwa mno. Jarida la The Hollywood Reporter liliandika kwamba studio iliiita kampuni iliyoikata, Trailer Park, isaidie kuhariri filamu nzima. Filamu ikaingiza zaidi ya dola milioni 700, lakini wahakiki wakaisaga. Msisimko wa dakika mbili na nusu haunyooshwi ukawa wa saa mbili.

Trela nyingi za hapa nyumbani zina kasoro ya upande wa pili. Nembo tatu zinapita kwanza, kisha wahusika wanagombana mpaka kisa chote kinamwagika, huku wimbo mmoja ukilia chini kwa sauti ile ile kuanzia mwanzo hadi mwisho. Mara nyingi wimbo huo umechukuliwa bila ruhusa, na YouTube ikiutambua, video inaweza kufungiwa au mapato yake yakaenda kwa mwenye wimbo. Prodyuza mwenzangu, mtafute mtunzi, mlipe, akutungie dakika mbili zenye kupanda, kunyamaza na kushuka. Zikishakamilika, ndipo umkabidhi mhariri picha.