Chenga za Picha za Usiku Ziondolewe kwa Mwanga, Si kwa Kukisia

Picha iliyopigwa gizani hujaa chenga, vile vidoa vya rangi vinavyotapakaa angani, ukutani na usoni mwa watu. Lawama hutupiwa kamera, ilhali sehemu kubwa ya chenga hizo hutoka kwenye mwanga wenyewe. Mwanga huifikia kamera kwa chembe, na chembe haziji kwa mpangilio. Pikseli inayopokea wastani wa chembe 100 hupishana picha hadi picha kwa chembe 10 hivi, sawa na asilimia 10. Ikipokea 10,000, hupishana kwa 100, yaani asilimia 1 tu. Ndiyo maana nashikilia kwamba chenga huponywa kwa mwanga zaidi, nao gizani hupatikana kwa kupiga picha kadhaa za kitu kimoja, kuzipanga zilingane, kisha kuchukua wastani wake. Picha 4 hupunguza chenga hadi nusu. 16, hadi robo. Programu inayosafisha picha moja haina mwanga huo wa ziada, hivyo inakisia: hulainisha ngozi, hufuta nyuzi za kitambaa, na zile za akili bandia huweza hata kuchora kisichokuwapo.

Wanaastronomia walithibitisha zamani faida ya kuunganisha picha. Desemba 1995 darubini ya Hubble ilielekezwa siku 10 kwenye kipande cha anga kilichoonekana kitupu, ikapiga picha 342. Zilipounganishwa, zilionekana galaksi zipatazo 3,000. Mwaka 2018 Google ilileta kipengele cha Night Sight kwenye simu za Pixel, kinachounganisha hadi picha 15 zilizopigwa kwa mkono mtupu.

Wapo wanaouliza kwa nini lensi isiachwe wazi muda mrefu, picha iwe moja. Penye stendi imara hilo linafaa, tena kila picha ya muda mfupi huongeza chenga kidogo zitokazo kwenye umeme wa kamera. Lakini mkono hutetemeka na taa za barabarani huungua zikawa madoa meupe. Picha za muda mfupi huepuka yote mawili. Pingamizi zito zaidi ni kwamba picha kama hiyo si ya tukio moja, na anayetembea anaweza kuwa kivuli au kutoweka. Ni kweli, ila si jambo geni. Mwaka 1838 mpiga picha Daguerre alipiga picha ya mtaa wa Boulevard du Temple, Paris, kwa dakika kadhaa. Wapita njia wakapotea, akabaki mtu aliyesimama akipigwa rangi viatu. Kila picha hukusanya muda fulani, na muda huo unaweza kutajwa. Mapambo yaliyobuniwa na programu hayana hata hilo la kutaja.

Basi wahariri wa picha, picha ya tukio la usiku ikichapishwa, andikeni chini yake kama imeunganishwa kutoka picha kadhaa, na ile iliyochorwa upya na akili bandia msiipe nafasi katika kurasa za habari.