Kompyuta Kutunga Kanuni za Kompyuta

Kompyuta nyingi zishirikianapo katika kazi moja, kila moja hujua hali yake na habari ilizoletewa na nyingine tu. Hapana msimamizi azionaye zote. Hapana budi basi kila moja ipewe kanuni ya kufuata. Kanuni hizo, ziitwazo algoriti, ni ngumu kutunga, na kosa dogo huharibu kazi yote. Katika makala haya twaeleza jinsi kompyuta yenyewe iwezavyo kuzitunga.

Tutwae mfano uliochunguzwa na Danny Dolev, Jukka Suomela na wenzao, waliotangaza matokeo yao mwaka 2013. Mashine 4 husikia mapigo ya saa kwa pamoja, nazo zapaswa kuafikiana lipi ni pigo la witiri na lipi la shufwa. Jambo hili laonekana jepesi, lakini lina masharti mawili mazito. Kwanza, mashine zaweza kuanza katika hali yoyote, hata ya mvurugiko. Pili, moja yaweza kuwa mbovu, ikaipasha hii habari moja na ile habari nyingine.

Kila mashine ikiwa na hali 3, habari iwezazo kupata ni za namna 81, na kwa kila namna lazima ijue hali ya kushika baadaye. Idadi ya majedwali yawezekanayo ina tarakimu 39. Kuyapima moja moja ni muhali. Kwa hiyo watafiti waliyageuza masharti kuwa sentensi za mantiki, za ndiyo na siyo, wakaiachia programu itafute majibu yasiyopingana. Katika njia yao ya pili, programu huleta jedwali. Kisha hutafutwa uongo uwezao kulishinda. Uongo huo huongezwa katika masharti, na utafutaji huanza tena.

Ilionekana kwamba kwa mashine 4 hali 3 zatosha, wala 2 hazitoshi. Mashine zikiwa 6, hali 2 zatosha. Hata neno «haiwezekani» hapa ni ithibati, maana hakuna jedwali lililoachwa nje. Lakini jedwali lililopatikana hutenda tu, halielezi sababu. Na mashine zikizidi, utafutaji hulemewa upesi. Hapo yabaki kazi ya mtaalamu: kuthibitisha jinsi kanuni ya mashine chache iwezavyo kupanuliwa ifae nyingi.