Buli la Bwana Dresser

Sogeeni karibu. Kabla sijaanza, mmoja wenu anyanyue hili buli la bibi lililojaa chai, amimine kikombe kimoja. Mnaona? Kiwiko kimepanda hewani, mkono unatetemeka, na chai nyingine imeishia kwenye kisahani. Usione haya, mwanangu. Huenda kosa si lako, ni la aliyelichora hilo buli.

Christopher Dresser angekuunga mkono. Alizaliwa Glasgow, Uskoti, mwaka 1834, na alipofika miaka 13 aliingia shule ya serikali ya uchoraji na usanifu, London. Huko wengine waliridhika ua likipendeza kwenye karatasi. Yeye alitaka kujua limejengwaje. Basi akazama katika botania, yaani elimu ya mimea, hadi akawa anawafundisha wasanii somo hilo, na Chuo Kikuu cha Jena, Ujerumani, kikamtunuku udaktari kabla hajafika miaka 30. Mwaka 1860 aliomba uprofesa wa botania pale University College London. Akakosa. Mimi nasema heri walivyomnyima, maana angebaki darasani na mabuli yangebaki vilevile.

Alikuwa anaona nini kwenye mimea? Nenda kasimame chini ya mpapai, utazame juu. Majani hayakujipanga ovyo. Yanalizunguka shina, kila moja limechomoza upande wake, lisimzibie mwenzake jua. Kata kikonyo kimoja: ndani kitupu kama mrija, lakini kilikuwa kimebeba jani pana kuliko sinia. Mambo ya namna hiyo ndiyo yaliyomkosesha Dresser usingizi. Ua alilichora kama fundi achoravyo ramani ya nyumba, mara likitazamwa kutoka juu, mara kutoka ubavuni. Mchoro wake wa aina hiyo ulitoka mwaka 1856 katika kitabu kikubwa cha mapambo cha Owen Jones, naye ana miaka 22 tu.

Waingereza wa zama zile walikuwa na wazimu wa maua. Hata zulia lilifumwa mawaridi yanayofanana na ya kweli, halafu watu wanayakanyaga! Dresser hakupendezwa. Mmea ulimfundisha kwamba kila kiungo kina kazi yake, na kubandika ua kwenye kikombe hakukifanyi kikombe kishikike vizuri.

Ndipo akaligeukia buli. Uzito wa chai hukaa tumboni mwa buli, kwa hiyo mkono wake ukiwekwa pasipofaa, wewe unajikuta unabeba mzigo wote badala ya kuinamisha tu. Mwaka 1873, katika kitabu chake Principles of Decorative Design, alieleza kwa mistari mkono na mdomo wa buli vikae wapi. Miaka michache baadaye kiwanda cha James Dixon & Sons cha Sheffield kikaanza kutengeneza mabuli yake. Moja ni mraba uliosimamia pembe yake, na katikati una tundu unaloweza kuchungulia upande wa pili. Mikono ya mengi ni ya mti mweusi, kwa kuwa madini yangekuunguza vidole. Vyombo vyake vingi vilikuwa vya madini ya bei nafuu yaliyopakwa fedha kwa nguvu za umeme, hivyo hata asiyekuwa tajiri wa kununua fedha tupu aliweza kuvipata. Alichora pia vishikilizi vya mkate wa kubanika: vijiti vichache vilivyonyooka, slesi zinasimama mbalimbali, mvuke unatoka, mkate haulowi.

Mwishoni mwa 1876 alifika Japani, akakaa kama miezi minne akizunguka kwenye karakana na mahekalu, na mfalme mkuu wa nchi hiyo alimpokea. Huko aliona mafundi wasioogopa kuacha chombo kitupu, bila nakshi.

Siku hizo mchoraji wa vyombo hakujulikana, jina lilikuwa la kiwanda. Lakini vyombo kadhaa vya Dresser vilipigwa chapa ya saini yake. Alifariki mjini Mulhouse mwaka 1904, na leo vyombo vyake vinatunzwa katika makumbusho.

Haya, zamu ya nani kumimina? Shika kwa mikono miwili. Buli la bibi halikuchorwa na Dresser.