Majani Karibu na Nyumba: Yakate Mafupi, Piga Mupaka Vizuri

Mukikuja kwa kipimo cha watoto, mara nyingi tunazungumza juu ya chanjo, chakula na maji safi. Leo tuzungumze juu ya kitu ambacho kila mama wa Mbau anakiona akifungua mulango asubuhi: majani. Kwetu mvua inanyesha miezi mingi ya mwaka, na udongo unaotesha kila kitu. Unakata leo, na kisha juma mbili majani yameanza kufunika tena njia ya kwenda choo.

Watu wengi wanawaza kama kukata majani ni kazi ya urembo tu, ama kazi ya salongo. Wazee wanakumbuka salongo ya miaka ya 1970, wakati inchi yetu iliitwa Zaire, namna watu walitoka na mapanga na majembe kusafisha njia na viwanja. Lakini kiwanja safi si kwa ajili ya macho ya wageni peke yake. Ni kwa ajili ya miguu ya watoto wako.

1. Majani marefu yanaficha nini?

Yanaficha nyoka. Nyoka hapendi watu. Anatafuta panya na vyura. Panya naye anatafuta mahindi na muhogo ulioanika. Kwa hiyo majani marefu yakifika kwenye ukuta wa nyumba, umemufungulia panya njia, na nyoka atamufuata nyuma. Katika pori letu kuko nyoka munene na mufupi, mwenye rangi kama majani makavu. Huyu hakimbii ukipita. Anatulia pale pale, na mutoto anamukanyaga.

Majani yanaficha pia makopo, vifuu na vipande vya chupa. Kopo linajaa maji ya mvua, na mbu wanataga ndani. Lakini, mama, sikiliza vizuri: kukata majani peke yake hakumalizi malaria. Mbu wa malaria anazaliwa ndani ya maji, hata maji kidogo yaliyotulia juani. Kata majani, mwaga maji, fukia mashimo, na usiku mulale wote chini ya chandarua.

2. Je, tupalie yote mpaka udongo mutupu?

Hapana. Hapa wengi wanakosea. Wanapalia kiwanja chote na jembe, wanafagia kila siku, na wanafurahi kuona udongo mwekundu. Kisha mvua kubwa inakuja na kuchukua udongo ule. Kila mwaka unaona musingi wa nyumba unatoka inje zaidi. Mutu aliyefika Butembo, muji wa vilima, ameona makorongo ambayo maji ya mvua yanachimba pale udongo umebaki wazi.

Fanya hivi: karibu na ukuta, acha hatua moja ya udongo uliofagiwa vizuri. Pale utaona nyoka ama panya mara moja. Kisha, kwa sehemu yote inayobaki, acha majani mafupi, kama pasipalumu, yasipite urefu wa kidole. Mizizi yake inashika udongo, na majani mafupi hayana mahali pa kujificha.

3. Namna ya kukata

Anza kwa ukuta na endelea mbele mpaka hatua 10, ama mpaka mwisho wa kiwanja ikiwa ni kidogo. Usisahau njia ya choo, njia ya maji, na pande zote za jiko. Pale ndipo watu wanapita usiku. Wakati wa mvua, kata kila juma mbili. Wakati wa jua, mara moja kwa mwezi inaweza kutosha.

Mbele ya kukata, chukua fimbo ndefu, piga majani na tembea kwa kishindo, nyoka apate nafasi ya kukimbia. Vaa buti ama viatu vilivyofungwa, hapana sandali. Usiingize mukono chini ya majani ama ndani ya shimo.

Kata pia matawi yanayogusa paa. Nyoka wa miti na panya wanapita juu yake kama daraja.

4. Namna ya kupiga mupaka

Bila mupaka, majani yanarudi kutambaa mpaka kwenye ukuta. Tafuta vijiti viwili na kamba. Simika kijiti kimoja huku na kingine kule, vuta kamba ikaze, kisha chimba na jembe kufuata kamba. Chimba kina cha kidole kimoja ama viwili tu. Inatosha kukata mizizi inayotambaa. Fanya hivi pande mbili za njia na kuzunguka udongo uliofagiwa.

Mufereji huu mudogo uwe na mutelemuko, maji yaende kwenye ndizi zako, hapana kwa kisima wala kwa mulango wa jirani. Maji yakisimama ndani, umewajengea mbu nyumba.

Miti ya mupaka wa parsele, punguza mpaka urefu wa kifua, na palia chini yake. Mujulishe jirani kwanza, mukate pamoja. Maneno mengi ya mipaka yanaanza na panga iliyopita mbele ya salamu.

5. Majani yaliyokatwa yaende wapi?

Usiyarundike nyuma ya nyumba. Rundo ni kitanda cha panya na nyoka. Yatandaze chini ya ndizi ama kahawa. Yanaoza na kuwa mbolea. Usiyachome karibu na paa la majani. Na dawa ya kuua majani usiipulize pale watoto wanacheza. Chupa yake isiwekwe tena maji, mafuta wala pombe.

6. Panga na watoto

Mutoto asikae karibu na mutu anayekata. Usibebe mutoto mugongoni ukifyeka. Mama mwenye mimba kubwa, kazi hii ni ya baba watoto na vijana. Si aibu kuwaomba.

Mutu akijikata, gandamiza kitambaa safi mpaka damu isimame. Osha na maji safi na sabuni. Usitie majivu, udongo wala mavi ya ngombe. Pale ndipo tetanosi inaingia. Kisha nenda kituo cha afya na fishi ya chanjo. Chanjo ya tetanosi unayopata wakati wa mimba inakulinda wewe, na inamulinda pia mutoto akizaliwa.

7. Nyoka akiuma

Shirika la OMS linahesabu kama kila mwaka watu 81 000 mpaka 138 000 wanakufa duniani kwa sababu ya kuumwa na nyoka. Mwaka 2017 OMS iliweka jambo hili kati ya magonjwa yaliyosahauliwa. Wengi wanaoumwa ni watu wa mashamba kama sisi.

Fanya hivi:
– Ondokeni pale nyoka alipo. Musimufukuze.
– Mugonjwa alale, atulie. Muguu ama mukono usitikisike. Ufunge na kijiti kama mufupa uliovunjika.
– Toa pete, bangili na nguo inayobana.
– Mubebe kwa kipoyi ama pikipiki mpaka hospitali. Asitembee.

Usifanye hivi:
– Usikaze kamba.
– Usichanje, usinyonye.
– Usitie petroli wala kumupa pombe.
– Usipoteze wakati na jiwe jeusi. Wengi wanaliamini tangu zamani, lakini halitoi sumu ndani ya mwili.

Nyoka akitema sumu katika macho, osha macho na maji mengi, kisha nenda hospitali.

Si kila kituo kina seromu ya nyoka. Uliza leo, ukiwa hapa, ni wapi inapatikana. Usingojee siku ya hatari.

8. Kama mulikimbia na mumerudi

Tangu mwezi wa 10 mwaka 2014, jamaa nyingi za Beni, Mbau, Oicha na Eringeti zimekimbia mara na mara. Ukirudi na kukuta pori limefunika nyumba, usiwatume watoto mbele kufyeka. Mukubwa aangalie kwanza, polepole, mchana. Akiona chuma asichokijua, hata kidogo, asikiguse, asikipige na jembe, asichome majani yale. Arudi kwa njia aliyopita, aweke alama mbali kidogo, na amujulishe chefu.

KUMBUKA, MAMA:

Udongo uliofagiwa, hatua moja kwa ukuta. Majani mafupi, hatua 10. Mupaka unyooke, maji yaende zake. Mbele ya kukata, piga fimbo. Na nyoka akiuma, njia ni moja: hospitali, mbio.